Kitabu Nilichowasomea Wanawake Bila Kukipenda

Mvua ya Kericho haipendi vitabu. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoambiwa siku nilipoajiriwa maktabani, na ndilo la kwanza ninalowaambia ninyi mnaoanza kazi hii sasa, hata kama nusu ya vitabu vyenu siku hizi vinakaa ndani ya simu. Kitabu kilichofungiwa kabatini bila hewa huku kwetu kinaota ukungu kama mkate. Kikilowa, usikianike juani, maana jalada litajikunja na kurasa zitashikana. Kisimamishe wima kikiwa wazi, weka karatasi laini katikati ya kurasa, ubadilishe kila zinapolowa. Na gundi ya kubandikia migongo ya vitabu msiipike kwa unga wa mahindi. Mimi niliipika hivyo, nikajiona mjanja, na baada ya muda mfupi panya walikuwa wametafuna rafu nzima ya historia. Bwana Koskei, aliyekuwa mkuu wetu, alisimama akaitazama ile rafu, halafu akasema angalau amepatikana mtu wa kuisoma historia yetu mpaka mwisho.

Bwana Koskei ndiye aliyenifunza kazi. Alikuwa mtu wa Sosiot, mrefu, mkimya, anayetembea katikati ya rafu mikono nyuma kama mtu anayekagua ng'ombe wake. Alinifunza kwamba msomaji akikuuliza kama kitabu ni kizuri, usimjibu. Muulize cha mwisho alichokipenda kilikuwa kipi, ndipo utajua umpe nini. Na maneno haya aliyarudia mara nyingi: usichokipenda wewe, chuki yako iache mlangoni pamoja na mwavuli.

Funzo hilo la pili ndilo lililokuja kunisumbua, na ndilo nataka kuwasimulia.

Miaka yangu ya mwisho kazini nilipewa sanduku la bati lililojaa vitabu, na kazi ya kulizungusha kwa vikundi vya wanawake vijijini. Nilikuwa nikilifunga nyuma ya pikipiki ya boda, mimi nakaa katikati, tunapanda vilima. Kikundi nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa upande wa Roret. Wanawake walikuwa wakikutana ukumbi wa kanisa kila Alhamisi alasiri, majani yakishapimwa na kuchukuliwa na lori la kiwanda. Walikuja na vidole vyao vyeusi kwa utomvu wa chai, wengine bado wamefunga eproni za plastiki kiunoni, wanakaa chini ya ukuta, wananyoosha miguu, na mimi nawasomea. Kama kitabu ni cha Kiingereza, nilikuwa nakigeuza Kiswahili papo hapo. Palipokuwa na akina mama wazee ambao Kiswahili chao ni kidogo, mwanamke mmoja anayeitwa Chelangat alikuwa anachukua maneno yangu na kuyapitisha kwa Kipsigis.

Chelangat alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, msemaji wa chini chini. Shule aliiacha darasa la saba. Alikuwa ameolewa na Joel, mwenye shamba dogo la chai na ng'ombe wawili, ingawa kazi ya chai na ng'ombe ilikuwa ya Chelangat na kazi ya Joel ilikuwa kunywa pombe ya busaa. Pamoja nao aliishi mama yake Joel, mzee ambaye macho yalikuwa karibu kuisha, watoto wakimwita Kogo, yaani nyanya kwa Kipsigis, nasi sote tukafuata kumwita hivyo. Kogo huyo nilimjua. Alikuwa akinishika mkono ananiuliza leo tumesoma nini, na ukimwambia kifupi anakasirika.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Mama Otieno, muuza mitumba sokoni, mtu wa asili ya upande wa ziwa kama mimi. Siku moja aliinama juu ya sanduku langu, akavuta riwaya moja ya zamani ya Kizungu kwa sababu ya picha ya jalada. Ilikuwa imechorwa wanawake wamekaa chini ya mwavuli mkubwa, nyuma yao bahari. Akasema, "Hawa wanapumzika. Madam Prisca, tusomee hawa."

Kitabu hicho kilikuwa kimoja cha vile wasomi wanavyoviita vitabu bora vya nyakati zote. Kinahusu wanawake kadhaa wanaochoka na nyumba zao, wanakodi nyumba kando ya bahari, wanakwenda kukaa huko pamoja kwa likizo. Hakuna vita, hakuna mwizi, hakuna anayekufa. Wanakaa. Wanatazama maji. Wanagombania kiti, wanapatana, na mioyo yao inalainika kidogo kidogo kama maharagwe.

Sikukipenda. Nilikuwa nimekisoma zamani, nikakichukia tangu wakati huo. Mimi nilizaliwa katika laini za nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai. Mama yangu alikuwa mchumaji mpaka mgongo ukakataa. Katika maisha yake yote safari alizofanya zilikuwa za matanga tu. Akifiwa, anafunga leso, anaenda nyumbani ziwani, anazika, anarudi. Sikuwahi kumwona akiondoka kwenda mahali kwa sababu mahali penyewe ni pazuri. Kwa hiyo kila nilipowasoma wale wanawake wakilalamika kwamba nyumba zao zimewachosha, huku wana mpishi na wana kijakazi, nilikuwa nahisi mtu amenikanyaga mguu. Mpishi mwenyewe hapewi hata jina mpaka umefika katikati ya kitabu. Halafu kuna mwisho wake, ambao nitausema ukifika wakati wake.

Lakini msomaji amechagua, na mwavuli wangu uko mlangoni. Nikaanza kusoma.

Mwanzoni walicheka. Waliuliza ng'ombe wa wale wanawake walikamuliwa na nani. Waliuliza mtu anawezaje kukaa mwezi mzima bila kuteka maji na asiumwe. Nami nikacheka nao, na nikasema wazi mbele ya wote kwamba mimi kitabu hiki hakinipendezi, nasoma tu kwa kuwa wamekichagua. Nilisema kwa mzaha. Maneno ya mzaha mahali kama pale husafiri kuliko mahubiri.

Ila Chelangat hakucheka. Kuna sehemu mwanamke mmoja anaamka asubuhi yake ya kwanza katika ile nyumba, anabaki kitandani, anasikiliza. Hakuna kingine kinachotokea. Nilipofika hapo Chelangat alichelewa kuipitisha kwa Kipsigis. Wazee wakamwangalia. Akaniomba niirudie, nikairudia, na ndipo akawaambia.

Baada ya Alhamisi kadhaa Mama Otieno alitoa wazo. Dada yake alikuwa na nyumba nje kidogo ya Kisumu, karibu na maji. Shule zikifungwa, kikundi kiende, kikae siku mbili tatu, kirudi. Walicheka tena, halafu hawakucheka, halafu wakaanza kupanga nani atamwachia nani ng'ombe. Mimi nilialikwa, nikakataa kwa sababu ya zamu yangu maktabani. Tulikuwa hatujamaliza kitabu. Ilibaki sehemu ya mwisho, tukakubaliana tutaimalizia wakirudi.

Sikutarajia kwamba Chelangat ataruhusiwa. Lakini aliniambia yeye mwenyewe jinsi ilivyokuwa. Watoto walikuwa waende kwa shangazi yao. Joel aliulizwa mbele ya mama yake kama atabaki nyumbani na mzee kwa siku hizo, akasema aende tu, yeye yupo. Na Kogo ndiye aliyemsukuma zaidi. Alimwambia yeye amezeeka bila kuliona hilo ziwa, na sasa hata akipelekwa hataliona, kwa hiyo aende, na akirudi amweleze ukubwa wake.

Wakaenda. Wengine walinisimulia baadaye kwamba walikula samaki, wakakaa juu ya mawe, wakatia miguu majini, wakapigana picha. Walisema Chelangat hakuongea sana, ila asubuhi alilala mpaka jua likawa kali, na Mama Otieno akawazuia wasimwamshe.

Simu ilikuja siku ya pili.

Kogo alikuwa amesikia baridi. Mvua ilikuwa imenyesha, na hakukuwa na mtu ndani. Joel alikuwa ametoka tangu asubuhi akisema anarudi sasa hivi. Mzee akaingia jikoni kwa kupapasa, akachochea moto wa mawe matatu apashe chai, na leso yake ikashika moto. Jirani mmoja alisikia sauti akakimbia. Alimkuta ameanguka karibu na mlango. Joel walimpata jioni, mahali pake pa kunywea busaa, na watu waliomtafuta wanasema iliwabidi wamwambie mara mbili ndipo aelewe.

Chelangat alifika hospitali na nguo zile zile alizokuwa nazo ziwani. Alikaa kando ya kitanda cha mama mkwe wake siku zote mzee alizobaki nazo. Nilienda kuwaona. Kogo alikuwa amefungwa bandeji mpaka shingoni, amefumba macho, na Chelangat ameinama karibu na sikio lake anamweleza kuhusu maji, kwamba upande wa pili hauonekani, kwamba kuna ndege weupe wanaosimama kwa mguu mmoja. Sijui kama mzee alisikia. Muuguzi aliniambia hajajibu neno tangu aletwe. Chelangat aliendelea kumweleza hata hivyo, mpaka nilipoondoka.

Kogo alifariki. Wakamzika juu kidogo ya shamba lao la chai.

Sasa sikilizeni kilichofuata, kwa sababu hapa ndipo kazi yetu inaingia. Watu hawakusema Joel alimwacha mama yake. Walisema Chelangat alimwacha mama mkwe wake. Ndugu za Joel walikaa kikao, wakamwambia arudi kwao Bomet, na watoto wabaki. Kisha wakatafuta kilichomharibu, wakapata kitabu. Ilisemekana kwamba kuna kitabu kinachosomwa kanisani, kinafundisha wanawake kuacha nyumba zao waende kustarehe majini.

Wazee wa kanisa wakamwita Mama Otieno na Chelangat mwenyewe, na wakatuma ujumbe maktabani kwamba na mimi nije. Bwana Koskei alikuja pamoja nami. Njiani alizungumza mara moja tu, akaniambia niseme ukweli na nisiuongeze.

Ukumbi ulikuwa ule ule wa Alhamisi. Joel alikaa mbele, amenyolewa nywele za msiba, macho chini. Alikuwa anaonekana mtu anayehitaji kuhurumiwa, na kwa kweli alihurumiwa. Chelangat alikaa nyuma karibu na mlango. Mama Otieno alihojiwa kwanza, akajibu kwa ukali, akaambiwa apunguze sauti. Kisha mzee aliyeongoza kikao akanigeukia. Hakuwa mtu mbaya. Alizungumza nami kwa upole.

"Madam, sisi hatuna shida na wewe," alisema. "Tumeambiwa hata wewe mwenyewe kitabu hiki hukipendi, na ulisema hivyo mbele ya akina mama. Ni kweli?"

Nikaona alipokuwa ananipeleka. Alitaka niseme ndiyo, na ndiyo yangu ingetosha. Hata mwenye kukisoma anakiri ni kibaya, basi aliyekifuata amejitakia. Na ilikuwa kweli kwamba sikipendi. Bwana Koskei alikuwa ananiangalia. Pale mbele nilijiona kama mtu aliyeombwa kuni za kumchomea mwenzake, na kuni anazo nyumbani kwake kweli.

Nikasimama. Nikasema, "Mzee, kutokukipenda kwangu ni shauri langu na kitabu. Si ushahidi. Lakini nimekisoma kitabu hiki kuliko mtu yeyote aliye hapa, na hakuna ukurasa unaosema mama mzee asiyeona aachwe peke yake na moto. Aliyesema atabaki naye yuko hapa mbele. Muulizeni."

Hakuna aliyemuuliza. Mtu alikohoa. Joel alijifunika uso kwa viganja vyake, na wazee wawili wakainuka kumshika mabega. Kikao kikafungwa kwa maombi. Tukiwa nje, yule mzee alimwambia Bwana Koskei, bado kwa upole ule ule, kwamba sanduku lisirudi tena. Bwana Koskei alijibu kwamba maktaba haiwezi kwenda mahali isipotakiwa. Aliliinua sanduku yeye mwenyewe, akalifunga juu ya pikipiki, akaikaza kamba kupita kiasi. Hakuniambia kama nilisema vizuri au vibaya, na mimi sikumuuliza. Tangu siku ile aliacha kunikumbusha habari ya mwavuli.

Mtaulizwa nanyi. Mzazi atakuja, mchungaji atakuja, siku hizi hata mtu asiyejulikana atawaandikia kwenye simu, atasema kitabu fulani kimemharibu mtu fulani. Na mara nyingine kitakuwa kitabu ambacho ninyi wenyewe mngetamani kiliwe na panya. Fikirini kwanza ni nani anayeketi nyuma karibu na mlango, ndipo mjibu.

Chelangat alirudi kwao Bomet, lakini kwao hapakuwa na nafasi. Kaka zake walikuwa wameshagawana shamba na wake zao hawakumtaka jikoni. Akaenda kuandikwa uchumaji katika shamba moja kubwa la chai, akapewa chumba katika laini kama zile nilimozaliwa mimi. Nilipopata habari alipo, nilienda kumtembelea Jumapili moja baada ya ibada.

Alikuwa amekonda zaidi, lakini chumba kilikuwa safi, na alinipikia chai ya maziwa mengi, akanikatalia nisimsaidie. Tuliongea habari za kazi. Aliniambia wasimamizi wanasema mashine za kuchuma zinakuja huko pia, na mashine moja inafanya kazi ya wanawake wengi. Aliniambia watoto waliletwa kumwona mara moja. Wale wakubwa walilia. Yule mdogo wa mwisho alimsalimia vizuri, akamwita aunty.

Nilidhani atakilaani kitabu. Nilikuwa nimejiandaa kumsikiliza akikilaani, na labda nilikuwa natamani. Hakukilaani. Alisema kule ziwani aliamka asubuhi akasikia watu wanaongea nje, akangoja aitwe, na hakuna aliyemwita. Akalala tena. Alisema hajawahi kulala hivyo tangu alipokuwa mtoto, na hata sasa, akijua yote yaliyotokea, hawezi kusema uongo kwamba usingizi ule haukuwa mtamu.

Kisha akakumbuka kwamba hatukumaliza.

"Madam, wale wanawake walirudi kwao?" aliuliza.

Ningeweza kumdanganya. Nilifikiria. Lakini alikuwa msomaji wangu, tena msikilizaji bora kuliko wote niliowahi kuwasomea, na alikuwa anataka kujua. Nikamwambia walirudi. Nikamweleza mwisho wote, yaani ile sehemu iliyonifanya nikichukie kitabu kile tangu mara ya kwanza. Kila mmoja anafika nyumbani kwake na anakuta anangojwa. Waume wamejirekebisha kwa sababu ya upweke. Nyumba zimefagiwa. Hata yule aliyeondoka kwa ugomvi anafunguliwa mlango kabla hajabisha.

"Wote?" akauliza.

"Wote."

Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, na vidole vyake vilikuwa vyeusi zaidi ya zamani.

"Basi hata mimi sikipendi," akasema.

Tukakaa. Nje watoto wa majirani walikuwa wanacheza mpira wa karatasi, wanapiga ukuta wake, na hakuwafukuza. Aliponisindikiza mpaka barabarani alinishika mkono kidogo kabla ya kuniachia.

"Mama Otieno na wale wengine usiwaambie mwisho," alisema. "Waache wabaki kule majini."

Mashine zilifika katika lile shamba, na Chelangat alikuwa kati ya wa kwanza kuondolewa. Simu yake haikupatikana tena. Nimeuliza Bomet, nimeuliza kwa wachumaji wenzake, kila mmoja ananitajia mahali tofauti. Mama Otieno bado anauza mitumba yake Roret. Nikipita hapo hunivutia kigoda, anaagiza chai, na hakosi kuniuliza kile kitabu cha wale wanawake kiliishaje. Namwambia nimezeeka, sikumbuki.